Mtu wa Mshahara na Bonde la Yaeda

Vijana wapendwa, kuna swali moja ambalo halichelewi kutokea ukikaa na vijana wa Nambis au wa Mbulu mjini ukataja habari za Wahadzabe. Mmoja anauliza: "Hao si wanalipwa kulinda lile pori lao? Sasa wanatunza mazingira au wanatunza mshahara?" Watu wanacheka, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Swali lakini linabaki palepale, na ni zito kuliko aliyeliuliza anavyodhani. Linauliza kama wema ukishalipwa unabaki kuwa wema. Na nadhani, tukilifuata hadi mwisho, litatugusa sisi wa huku juu milimani kuliko linavyowagusa wao.

Tuanze na mambo yenyewe, maana huwezi kupima jambo usilolijua.

Ukishuka kutoka milima ya Mbulu kuelekea machweo, baridi yetu inakuacha njiani. Unaingia bonde la Yaeda, nchi ya joto, mibuyu na miti ya miiba. Wahadzabe hawafiki hata elfu mbili. Wamezoea kuishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuokota ubuyu na kutafuta asali. Lugha yao ina vidoko, na wataalamu hawajaipatia undugu wa uhakika na lugha nyingine yoyote. Hawana desturi ya kulima, na makazi yao ya asili ni vibanda vya nyasi ambavyo wanaviacha wanapohama. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wageni walipoliangalia bonde lao waliona pori lisilo na mwenyewe. Mkulima aliona shamba, mfugaji akaona malisho, na mchoma mkaa akaona magunia.

Mwaka 2011 jambo moja lilibadilika. Kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ilihusu eneo la zaidi ya hekta 20,000. Neno la kuangalia hapo ni "pamoja". Hati ile ni ya jamii, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi na njaa yake, au na tamaa yake, akauza kipande.

Baada ya hapo kampuni ya Carbon Tanzania ilianza nao mradi wa kaboni, na vijiji kama Mongo wa Mono, Domanga na Yaeda Chini vikahusika. Kwa maneno rahisi unafanya kazi hivi. Miti inahifadhi kaboni. Mti ukikatwa na kuchomwa, kaboni inapanda angani na kuongeza joto la dunia. Vijiji vinakubaliana kwa mpango wa matumizi ya ardhi kwamba hapa ni makazi, hapa ni kilimo, hapa ni malisho, na hapa ni pori la kuwinda na kukusanya ambalo halitakatwa. Vijana wa palepale wanachaguliwa kuwa walinzi. Wanatembea porini kwa miguu, wanaandika walichokiona: nyayo za wanyama, mti uliokatwa jana, tanuri la mkaa, ng'ombe walioingia pasipo ruhusa. Taarifa inakwenda kwa uongozi wa kijiji. Kaboni ambayo haikupanda angani inahesabiwa, inathibitishwa, na kampuni na watu wa mbali wanainunua. Fedha zinarudi vijijini, zinalipa walinzi, zinalipia matibabu na masomo ya watoto, na mengine yanapangwa na wananchi kwenye mikutano yao.

Basi, hao ndio "wanaolipwa". Sasa turudi kwenye swali.

Kila Mkristo akisikia habari ya mlinzi anayelipwa anakumbuka sura ya kumi ya Injili ya Yohane. Bwana wetu anamlinganisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Mbwa mwitu akitokea, mtu wa mshahara anakimbia na kondoo wanatawanyika. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: unaona? Anayelinda kwa malipo hana moyo.

Lakini tusome taratibu. Yesu hamlaumu yule mtu kwa sababu amepokea ujira. Katika sura ya kumi ya Luka ni Yeye mwenyewe anayewatuma wanafunzi na kuwaambia kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Kasoro ya mtu wa mshahara iko mahali pengine: kondoo si wake. Hakuna kinachomfunga nao isipokuwa malipo, hivyo siku hatari inapozidi malipo, hesabu yake inamwambia aondoke. Kipimo cha Injili, basi, kinauliza mambo mawili. La kwanza, wewe na unachokilinda mna uhusiano gani? La pili, mbwa mwitu alipokuja ulifanya nini?

Tuwapime Wahadzabe kwa kipimo hicho. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka kupewa bonde la Yaeda liwe kitalu chake. Wakati huo hati ya 2011 haikuwepo, na hakuna mtu aliyekuwa analipwa senti kwa kulinda. Wahadzabe walipinga, habari zao zikafika mbali, na mwaka uleule kampuni ile ikajiondoa. Kumbe ulinzi ulikuwepo kabla ya mshahara. Mbwa mwitu alikuja, wenyewe wakasimama, na mfuko wao ulikuwa mtupu.

Hapo tunapata tofauti ambayo katika falsafa inasaidia sana: tofauti kati ya sababu ya tendo na kinachowezesha tendo. Mama anamnyonyesha mtoto kwa sababu ni mtoto wake. Ukimpa chakula ili apate maziwa, hujamgeuza kuwa muuza maziwa. Umemwezesha kufanya kile ambacho mapenzi yanamtuma kufanya. Vivyo hivyo kijana wa Domanga anayezunguka porini siku nzima hana muda wa kutafuta asali wala kuchimba mizizi siku hiyo. Ana watoto. Kumwambia alinde bure kwa sababu "mazingira ni ya wote" ni kumtwisha mtu mmoja mzigo wa wote, kisha kuuita mzigo huo fadhila yake. Jamani, hapo hakuna fadhila. Huo ni unyonyaji uliovishwa kanzu nyeupe.

Kwa hiyo, kwa swali la kwanza, nasema hivi: malipo hayaui utunzaji mradi yanamkuta mtu ambaye tayari ana uhusiano na kile anachokitunza. Hii ina maana kubwa kwa yeyote anayesimamia kazi ya namna hii. Ukileta walinzi kutoka mbali, wenye sare nzuri na bunduki nzuri, ambao pori lile kwao ni kituo cha kazi tu, hao ndio watu wa mshahara wa Injili. Baba Mtakatifu Fransisko alilisema jambo la jirani na hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 146. Alifundisha kwamba jamii za asili zinapaswa kuwa washiriki wakuu wa mazungumzo kila mradi mkubwa unapogusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi ni zawadi ya Mungu na ya wazee waliolala humo, haikuwa bidhaa kamwe.

Lakini hapohapo tunakutana na mwiba. Waraka uleule, namba 171, unaonya juu ya biashara hii hii ya kaboni. Baba Mtakatifu aliona kwamba kununua na kuuza hewa ya ukaa kunaweza kuwa ulanguzi mpya, suluhisho la haraka linaloonekana kama kujali mazingira, huku likiwaacha matajiri waendelee kutumia kupita kiasi. Je, tufanyeje? Waraka mmoja unawasifu Wahadzabe na unaitilia shaka fedha inayowalipa.

Mimi nalifikiria kwa mfano wa sakramenti ya kitubio. Anayetubu lazima awe na nia ya kuacha dhambi. Akija kuungama huku moyoni amepanga kuirudia Jumamosi ijayo, malipizi aliyopewa hata akiyafanya yote hayamsaidii. Kampuni ya Ulaya au Marekani inayonunua kaboni ya Yaeda bila nia yoyote ya kupunguza moshi wake ni sawa na mtu huyo. Inataka malipizi bila toba. Onyo la Baba Mtakatifu linamlenga huyo kwanza.

Ila dhambi ya mnunuzi haimgeuzi muuzaji kuwa mdhambi. Maskini aliyekula ugali ulionunuliwa kwa sadaka ya mwizi hakuiba, kama hakujua na hakushiriki. Wahadzabe hawakuharibu hewa ya mtu. Wao ni miongoni mwa watu waliochangia kidogo kabisa joto hili la dunia, na wamelipwa kwa sababu kuna mahali miti imebaki imesimama kweli.

Pamoja na hayo, onyo lile linamwachia msimamizi wajibu. Bei ya kaboni inapanda na kushuka kwenye masoko ambayo hakuna mzee wa Yaeda anayeyaongoza. Ikiporomoka kesho, je, ulinzi unaporomoka nao? Ndiyo maana nasema hati ya 2011 ina uzito kuliko mkataba wowote wa kaboni. Mkataba unaweza kuisha na msitu ukabaki na wenyewe. Hati ikipotea, fedha zote za dunia zitakuwa zinawalipa watu wa mshahara walinde ardhi isiyo yao. Msimamizi mwenye busara anahakikisha kwamba kijiji kinaweza kujibu swali hili: siku malipo yakikoma, nani ataamka kuzunguka porini, na kwa nini?

Kuna jambo la pili kuhusu fedha ambalo wasimamizi wanapaswa kulijua. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha utafiti uliofanyika kwenye shule za chekechea za mji wa Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto, hivyo shule kadhaa zikaweka faini. Matokeo yakawa kinyume: wachelewaji wakaongezeka. Zamani mzazi alichelewa kwa aibu, akijua mwalimu anamsubiri. Sasa akaona amelipia, yamekwisha. Faini iligeuka kuwa bei. Hata ilipoondolewa, hali haikurudi kama zamani.

Sasa fikiria faini ya kuingiza ng'ombe kwenye eneo la hifadhi. Mwenye ng'ombe watano inamuumiza. Mwenye ng'ombe mia tano anaigawanya kwa idadi ya ng'ombe wake, anaona ni kodi ya malisho yenye nafuu, anaingia tena wiki ijayo. Ameshalipa, utamfanya nini? Faini bila aibu ni tiketi. Wazee wetu wa Kiiraqw walilielewa jambo hili. Kosa dhidi ya jamii halikuishia kwenye mbuzi aliyetozwa. Lilimalizwa mbele za watu, kwa maneno, na mkutano ulifungwa kwa slufay, ile baraka ambayo mzee anaitamka na waliokusanyika wanaitikia kwa pamoja. Huwezi kuitikia baraka ya nchi leo na kesho ukaichunga usiku kwa siri bila dhamiri kukuchoma. Programu yoyote ya ulinzi wa ardhi inayojua kutoza tu, na haijui kupatanisha, itakusanya fedha na kupoteza majirani.

Na majirani ndio sehemu ngumu kuliko zote. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Anayeingiza ng'ombe Yaeda ni nani? Mara nyingi ni Mdatoga, ambaye wengi wetu tunamwita Mmang'ati, jina ambalo yeye hakujipa. Ni rahisi kumwita mvamizi. Lakini muulize babu yake alichunga wapi. Wengi watakuonyesha tambarare za Hanang, upande wa Basotu, ambako kuanzia miaka ya 1970 maelfu ya hekta za malisho yaliyo bora yalichukuliwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali, kwa ufadhili wa Kanada. Watu waliondolewa, na hata makaburi ya wazee wao yakajikuta ndani ya mashamba. Ng'ombe lakini hawaachi kula kwa sababu malisho yamekuwa ngano. Walikwenda kutafuta nyasi pengine.

Na anayeshuka bondeni na jembe ni nani? Hapo, ndugu yangu, tujiangalie. Ni sisi. Sisi Wairaqw tumejaa milimani. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, na la baba limegawanywa tena, hadi kijana wa leo anarithi matuta machache. Anasikia kwamba huko Yaeda kuna ardhi "tupu", kuna mtu anauza kwa bei poa. Ananunua kwa mtu asiye na haki ya kuuza, anafyeka, na anamshukuru Mungu kwa kumfungulia njia.

Je, shida yake si ya kweli? Ni ya kweli kabisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba katika shida kubwa kabisa, mali za dunia zinarudi kuwa za wote, na mwenye njaa ya kufa akitwaa chakula cha mwenye ziada hajaiba. Mtu anaweza kulichukua fundisho hilo akasema: basi, sisi wenye uhitaji tuna haki ya Yaeda. Lakini angalia lilivyosimama. Linazungumza juu ya ziada ya mwenye ziada. Halimruhusu mwenye shida kumpokonya mwenye shida kubwa zaidi. Nabii Nathani alimweleza Daudi habari ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyepata mgeni, akaenda kumchinja mwanakondoo mmoja wa jirani yake maskini. Bonde la Yaeda ni mwanakondoo huyo mmoja. Wahadzabe hawana bonde lingine.

Hivyo naona kinachotokea Yaeda ni deni la haki linalosukumwa kuelekea chini. Mwenye nguvu alichukua nyasi za Mdatoga huko Hanang. Mdatoga hana pa kumdai, anakwenda kudai kwa Mhadzabe. Kijana wa Kiiraqw hana wa kumdai shamba, naye anakwenda kudai kwa Mhadzabe. Kila mmoja ana dai la kweli, na kila mmoja analipeleka kwa asiyedaiwa, kwa sababu huyo ndiye asiye na nguvu za kukataa. Mlinzi mwenye daftari lake porini amewekwa mwisho wa mnyororo huo, anaambiwa auzuie peke yake.

Ndiyo maana yule kijana anayeuliza kwa utani kama walinzi "wanatunza mshahara" ameligeuza swali. Swali la haki ni hili: kwa nini walinzi wanahitajika? Pori halijilipii walinzi dhidi ya mvua au dhidi ya fisi. Wanalipwa dhidi ya jembe, shoka na tanuri. Kila kijana wa milimani anayepata namna ya kuishi vizuri kwenye shamba dogo, kwa mbolea ya samadi, kwa matuta yanayozuia udongo kama walivyojua wazee wa Kainam, kwa mizinga ya nyuki, kwa ufundi, amepunguza kazi ya mlinzi wa Domanga bila kuvaa sare. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Tumezoea kugawana maneno hayo, sisi tulime, wengine watunze. Mungu alimpa mtu mmoja yote mawili.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kuna mambo yaliyo mikononi mwako wiki hii. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji chenu, uulize mpango wa matumizi ya ardhi unasema nini na nani anausimamia. Ukiambiwa kuna eka za bei poa Yaeda, uliza ni za nani kabla hujauliza ni shilingi ngapi. Mkaa wa jikoni kwenu umetoka wapi? Na ukikutana na picha za Wahadzabe mtandaoni, usiwe wa kwanza kuwacheka. Kuna siku tutaulizwa habari za ndugu hawa walio wadogo, na anayeuliza hatakubali jibu kwamba kulikuwa na walinzi wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Maswali ya kutafakari na jumuiya yako:

1. Ni kitu gani ninachokitunza hata kama hakuna anayenilipa? Kina uhusiano gani nami?
2. Ni mara ngapi nimelipa faini, au hata malipizi, bila nia ya kubadilika?
3. Dai langu la haki nalipeleka kwa nani: kwa anayedaiwa, au kwa asiyeweza kukataa?

Tuombe: Ee Bwana, Mchungaji Mwema, uliyetuweka katika nchi nzuri ya milima na mabonde, utufundishe kulima bila kupokonya na kutunza bila kiburi. Uwalinde wanaolinda. Amina.